Tulionyesha programu yetu Nanenane, sasa kampuni kubwa inayo. Je, tumeibiwa?

"Shikamoo mwanasheria. Nina miaka 27, naishi Uyole, Mbeya. Mwaka juzi mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo cha MUST tulitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wanaokusanya parachichi Rungwe. Kule mabondeni mtandao unakatika, kwa hiyo karani wa mizani anapima kreti, simu inahifadhi, halafu inabana vipimo vingi ndani ya meseji moja ya kawaida yenye namba za mfuatano. Mtandao ukirudi, seva inajua kipimo gani kimepotea na kipi kimeingia mara mbili. Tuliionyesha Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, tukaweka video kwenye status na kwenye magrupu, na tukaiandikia barua pepe kampuni moja kubwa ya teknolojia ya nje. Walijibu mara mbili wakiuliza maswali, kisha wakanyamaza. Mwezi uliopita nimeona programu yao mpya ya wanunuzi wa mazao ina kitu kilekile. Jina la programu yetu tumelisajili BRELA, na wakili alitugongea muhuri kwenye maelezo yote. Hiyo si ndiyo hataza? Tunaweza kuwashtaki? Watu wanasema Marekani wabunifu wanalipwa mamilioni ya dola kwa mambo kama haya. Au tumeshachelewa?"

Marahaba, kijana wangu, na poleni wewe na mwenzako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nanyi. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari vitu vinne: Nanenane, status, barua pepe, na huyo mwenzako. Karibu yote nitakayokuambia yanatoka humo.

Nianze na gumu. Hataza hamna, na kwa kile mlichokionyesha mwaka juzi karibu nina hakika hamtaipata tena, iwe hapa nyumbani au nje. Hilo limepita. Lakini unaponiuliza kama mmechelewa, nitakuuliza nawe: kuchelewa kwa lipi? Kuna milango mingine mitatu au minne, na mmoja wao, ule wa barua pepe, hata hujaugusa.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa BRELA, maana siku hizi naupata karibu kila mwezi. Ofisi ile inasajili kampuni, inasajili majina ya biashara, inasajili alama za biashara, na inapokea maombi ya hataza. Dirisha ni moja, bidhaa ni nne. Ukikata tiketi ya Tukuyu haikupeleki Tunduma eti kwa sababu mabasi yote yanatoka Mbeya mjini. Mlichosajili ninyi ni jina. Jina linawazuia wengine kufanya biashara kwa jina hilo. Halisemi lolote kuhusu jinsi programu inavyobana vipimo ndani ya meseji. Kampuni ile inaweza kufanya kazi ileile kwa jina jingine na usajili wenu usiwaguse hata kidogo.

Muhuri wa wakili nao una kazi yake, ila si hiyo. Unathibitisha kwamba siku fulani karatasi hizo zilikuwepo na nyinyi ndio mliozileta. Ni ushahidi wa tarehe, na tarehe itatufaa huko mbele, kwa hiyo zitunzeni vizuri. Lakini hakuna wakili, awe wa Mbeya au wa Dar, anayeweza kukupa haki ya kumzuia mtu mwingine kwa kugonga muhuri. Haki hiyo inatolewa na dola, na dola ina masharti yake.

Hataza ni mapatano. Wewe unaifundisha jamii, kwa maandishi kamili, kitu ambacho haikukijua. Jamii inakulipa kwa kukuachia kitu hicho peke yako kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba. Ukiyaelewa mapatano hayo, mengine yote yanajieleza. Kama jamii inakijua tayari, haina sababu ya kukulipa. Na jamii inaweza kuwa imekijua kutoka kwako mwenyewe. Hapo ndipo vijana wengi wanapoumia: wanadhani kujitangaza ni kujilinda. Mkulima wa Kiwira aliyesimama kwenye banda lenu, akamwona mwenzako akizima data, akipima kreti, akiwasha data na meseji moja ikaenda, huyo ameshafundishwa. Hakuahidi kutunza siri. Alikuwa huru kwenda kumsimulia amtakaye.

Kuhusu status, najua utaniambia kwamba inafutika baada ya saa 24. Sheria haiulizi kama bado ipo. Inauliza kama watu wasiofungwa na siri waliweza kuiona na kuielewa. Grupu la wanunuzi wa parachichi lenye watu mia mbili ni uwanja wa wazi kama soko la Mwanjelwa. Marekani wanampa mbunifu mwaka mmoja tangu alipojitangaza mwenyewe. Ulaya hawana huruma hiyo, isipokuwa kwa mambo machache sana. Na pale sheria zinaposamehe maonyesho rasmi, msamaha hupimwa kwa miezi. Nanenane ya mwaka juzi haifikiwi na wowote kati ya hiyo.

Tuseme sasa mngekuja kwangu wiki moja kabla ya maonyesho. Mngepata? Hapo nakuwa mwangalifu, kwa sababu kitu chenu ni programu, na programu ndizo zinazowasumbua wanasheria wa hataza dunia nzima.

Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, inasema wazi kwamba mbinu za kufanya biashara, za kufikiri kichwani tu na za kucheza michezo si uvumbuzi. Mkataba wa hataza wa Ulaya wa 1973 unaitaja programu ya kompyuta yenyewe kuwa haihesabiwi kama uvumbuzi. Marekani, ambako watu wanadhani kila kitu kinapewa hataza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014 katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank kwamba wazo la kale likiwekwa ndani ya kompyuta ya kawaida haligeuki kuwa uvumbuzi. Wazo lenyewe lilikuwa la mtu wa kati anayehakikisha pande mbili zinazobadilishana malipo zinatimiza kila mmoja upande wake. Majaji wote tisa walikubaliana. Tangu hapo hataza nyingi za programu zimeanguka katika mahakama za huko, nyingine zikiwa za kampuni kubwa zenyewe.

Kwa hiyo ingetupasa kupasua kazi yenu vipande viwili. Kipande cha kwanza: kumlipa mkulima kwa kilo zilizopimwa mbele yake, badala ya kukadiria kreti kwa macho au kumjazia mwenzetu wa viazi lumbesa. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nalipenda, lakini ni biashara. Hataza hakuna. Kipande cha pili ni ufundi. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Tuseme mnatumia herufi 5 kwa kila kipimo. Vipimo 30 vinakula 150, zinabaki 10 za kuweka namba ya mfuatano na alama ya kuhakiki. Hapo sasa kuna tatizo la kiufundi, yaani mtandao mbovu na nafasi ndogo, na kuna suluhisho la kiufundi. Mchunguzi wa hataza anaanza kukusikiliza.

Halafu atakuuliza swali ambalo kampuni ile nayo ingeuliza siku ya kwanza: ni kipi hapa ambacho ni kipya? Namba za mfuatano za kugundua kilichopotea na kilichojirudia ndizo zinazoiendesha intaneti yenyewe. Kanuni ya TCP iliyochapishwa mwaka 1981 inafanya hivyo hivyo kwa kila data inayopita. Kubana namba ndani ya herufi chache nako ni ujuzi wa zamani. Labda upya wenu uko kwenye muungano: namna kipimo cha mizani, karani na kituo vinavyofungwa pamoja ndani ya meseji moja hata karani asiweze kurudia kreti ya shemeji yake mara mbili. Labda. Nimeandika "labda" mara mbili kwa makusudi. Kwenye hili, anayekupa uhakika kabla ya kusoma msimbo wenu, yaani maandishi ya programu yenyewe, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata ukiipata, hataza hailindi "programu ya parachichi". Inalinda sentensi. Mwishoni mwa kila hataza kuna sehemu inayoitwa madai, na kila dai ni sentensi moja ndefu yenye vipengele. Ili mtu awe amekiuka dai, lazima awe na vipengele vyote. Dai likiwa na vipengele sita naye ana vitano, kwa kawaida anaondoka salama.

Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja wa Mafinga alikuja na programu ya kupima mbao kwa kamera ya simu. Unapiga picha rundo la mbao za sita kwa moja, simu inakuhesabia ujazo. Ili simu ijue ukubwa halisi, alikuwa anaegesha karatasi ya A4 kwenye rundo kabla ya kupiga picha. Nikamwandikia madai, nikajiona hodari, nikaandika "karatasi yenye vipimo vinavyojulikana". Mwaka uliofuata mshindani akatoa kitu kilekile, ila yeye aliegesha sarafu ya shilingi mia mbili. Sarafu si karatasi. Ningeandika "kitu chochote chenye ukubwa unaojulikana", mambo yangekuwa mengine. Kosa lilikuwa langu, na yule fundi mpaka leo akinisalimia ananiuliza kama nina karatasi mfukoni.

Ndiyo maana ukiniambia kampuni ile ina "kitu kilekile", bado sijajua kama ni kilekile. Umeona kioo cha programu yao: kupima bila mtandao, kutuma baadaye. Ndani inaweza kuwa inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inaweza pia kuwa walifikia njia ileile wenyewe, maana tatizo la mtandao kukatika halipo Rungwe peke yake. Na hapa kuna tofauti kubwa ambayo wengi hawaijui. Kwenye hataza, "tulibuni wenyewe" si kinga. Mwenye hataza anakushinda hata kama hukuwahi kumwona. Kwenye hakimiliki, "tuliandika wenyewe" ni kinga kamili.

Sasa hayo mamilioni ya Marekani. Ni ya kweli, ila wanaokusimulia wanaruka tarehe. Chukua i4i, kampuni ndogo ya Toronto, Kanada. Waliomba hataza ya namna ya kutenganisha muundo wa waraka na maandishi yake mwaka 1994, wakapewa 1998. Microsoft ikaweka kitu cha namna hiyo kwenye Word. Wakashtaki 2007, baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, huko Texas likawapa dola milioni 200 mwaka 2009, na Mahakama ya Juu ikawaunga mkono 2011. Hesabu mwenyewe: tangu ombi hadi hukumu ya mwisho ni miaka 17. Na karatasi zao zilikuwa zimekamilika miaka mingi kabla ya ugomvi kuanza.

Nyingine ni Eolas, nayo ni kampuni ndogo, iliyozaliwa katika kazi ya mtafiti Michael Doyle na wenzake Chuo Kikuu cha California. Mwaka 2003 baraza la mahakama liliwapa zaidi ya dola milioni 520 dhidi ya Microsoft, na baadaye wakapatana nje ya mahakama. Wakaendelea kuzishtaki kampuni nyingine kubwa, Google na Amazon zikiwemo. Mwaka 2012 baraza jingine, Texas, likasema hataza zile ni batili. Tim Berners-Lee mwenyewe, mwanzilishi wa wavuti, alikwenda kutoa ushahidi. Mojawapo ya vitu vilivyowaangusha ni Viola, kivinjari kilichoandikwa na mwanafunzi aitwaye Pei-Yuan Wei, ambacho kilikuwa kimeshaonyeshwa kwa watu kabla ya ombi la Eolas. Mwanafunzi alionyesha kazi yake mapema, na miaka karibu ishirini baadaye onyesho lile likabomoa hataza ya mwingine. Ishike hiyo, tutairudia.

Kuhusu gharama sitakuficha. Kesi ya hataza Marekani inayofika mwisho hula mamilioni ya dola upande mmoja tu. Tangu 2012 kuna pia utaratibu wa kuirudisha hataza kwenye ofisi ya hataza ya huko ili ichunguzwe upya mbele ya jopo, na kampuni kubwa hulitumia jopo hilo kama silaha ya kwanza, kesi ikisubiri mahakamani. Wapo mawakili wa huko wanaokubali kulipwa ukishinda, lakini wanachagua wateja kama dalali wa Mafinga anavyochagua mbao: kwanza wanaangalia hataza. Wewe huna. Na hata ungekuwa nayo ya Tanzania, isingekusaidia Marekani, kwa sababu hakuna hataza ya dunia. Kila nchi na yake. Ya kwetu ya Bara haivuki hata bahari kwenda Zanzibar. Wao wana sheria yao na ofisi yao.

Basi tufungue milango iliyobaki.

Kwangu mimi mlango mkubwa ni barua pepe. Waliwajibu mara mbili wakauliza maswali. Waliuliza nini? Mliwajibu nini? Kuna mahali popote waliposema wakiitumia watawalipa, au watawashirikisha, au wataitunza kama siri? Kuna mahali ninyi mliandika kwamba maelezo haya ni siri, kabla ya kuyatuma? Hapo tunatoka kwenye hataza na kuingia kwenye ahadi. Kesi ya jirani zetu inafundisha sana. Nkosana Makate alikuwa mfanyakazi wa Vodacom Afrika Kusini alipopeleka wazo la "Please Call Me" mwishoni mwa mwaka 2000. Hakuwa na hataza. Alichokuwa nacho ni ahadi ya mdomo ya bosi wa kitengo cha bidhaa kwamba atapata mgawo. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema kampuni imefungwa na ahadi ile, ikaiamuru ikae naye chini kwa nia njema ipange malipo. Mwaka 2019 mkuu wa kampuni akaweka randi milioni 47 mezani, Makate akakataa, na mvutano wa kiasi ukaendelea kwa miaka mingine. Kumbuka msingi wake: aliyeshinda alishinda kwa sababu ya mazungumzo. Wazo peke yake lisingemfikisha popote.

Ila nikuonye. Kampuni nyingi kubwa huweka kwenye tovuti zao masharti yanayosema wazo lolote mtakalotuletea bila mkataba si siri na tuko huru kulitumia. Kama mlituma kupitia fomu yao mkabofya "nakubali", wakili wao ataanza na hapo. Kama mlituma kwa anwani ya kawaida ya mtu mnayemjua, hali ni tofauti. Na kama yale mliyowajibu ni yaleyale yaliyokuwa kwenye video, itakuwa vigumu kuyaita siri. Kama mliwapa zaidi, kwa mfano jinsi namba ya kuhakiki inavyokokotolewa, hapo tuna kitu cha kuzungumzia.

Mlango wa pili ni hakimiliki, na huu mko ndani yake tayari bila kuomba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inalinda programu za kompyuta tangu zinapoandikwa. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia kwenye ushahidi. Lakini kinacholindwa ni msimbo kama ulivyoandikwa, si kazi inayofanywa na msimbo huo. Waliwahi kupata msimbo wenu? Mliwatumia faili la kusakinisha? Mliuweka wazi GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, na kama ndiyo, kwa leseni gani? Kama hawakuuona, usipoteze mwezi mzima hapo.

Sasa mwenzako. Umemtaja mara moja tu na hukuniambia yuko wapi. Aliandika kiasi gani cha msimbo? Mna karatasi yoyote baina yenu? Kazi ilikuwa mradi wa mwaka wa mwisho chuoni? Maana vyuo vina sera zao za miliki ubunifu, na waajiri wanadai kazi zilizofanywa kazini. Nimeona mashauri mazuri yakifa kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya ukubwa wa mpinzani: barua ya madai inakwenda kwa jina la mmoja, halafu kampuni inampigia simu wa pili. Kabla hamjamwandikia mtu yeyote, kaeni, hata kama ni kwa simu, muandikiane nani ana nini, msaini wote.

Mlango wa tatu watu hawaufikirii, na ndio ule wa Viola. Inawezekana kampuni ile imeomba hataza kwa njia hiyo. Maombi hukaa gizani, kisha kwa kawaida huchapishwa miezi 18 tangu tarehe ya kwanza ya kuomba. Unaweza kutafuta bure kwenye Patentscope ya WIPO, shirika la kimataifa la miliki ubunifu, au Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, kwa jina la kampuni na maneno ya kazi yenyewe. Ukikuta wameomba baada ya Nanenane yenu, video ile iliyokupotezea hataza inawapotezea na wao. Kwa maombi ya kimataifa, WIPO inaruhusu mtu yeyote kuwasilisha ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa limeshajulikana: bila ada, na hata bila kutaja jina, ndani ya miezi 28 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani ile ya kwanza ya kuomba. Hamtalipwa kwa kufanya hivyo. Lakini mtakuwa mmezuia siku ya kuambiwa, hapo hapo Uyole, kwamba programu yenu inakiuka hataza ya waliokuja nyuma yenu. Kwa hiyo video hiyo itafuteni kwenye simu zote, na iliyo bora ni ile ambayo mtu mwingine aliiweka mahali penye tarehe inayoonekana.

La mwisho ni lile mnaloandika sasa. Nadhani hamjakaa bure tangu mwaka juzi. Kama toleo jipya lina ufundi ambao haujaonyeshwa kwa mtu, fungeni midomo. Msiupeleke kwenye mashindano, msiuweke status, msimwonyeshe mwekezaji bila mkataba wa kutunza siri. Ukiomba BRELA leo, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Unaweza kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, au kupitia mkataba wa kimataifa wa hataza, PCT, ambao kwa nchi nyingi hukupa mpaka miezi 30 kabla ya kuanza kulipa nchi kwa nchi.

Je, nakushauri uombe? Kwa hali uliyonieleza, sijashawishika. Ada ya kuomba ndiyo ndogo. Gharama iko kwenye kuandika madai yasiyo na karatasi ya A4 ndani yake, na kwenye kuilipia kila mwaka. Kama soko lenu ni makarani wa vituo vya Rungwe na Njombe, nafikiri pesa hiyo itafanya kazi zaidi mkiwatembelea makarani hao, mkawa nao msimu mzima, mkajua mizani gani inaharibika na kwa nini. Kampuni ya nje haitamtuma mtu kulala Kiwira. Lakini kama kuna mnunuzi wa nje anayetaka kuununua ufundi wenyewe, mambo yanabadilika, maana huyo atauliza hataza kabla hajauliza bei.

Kuhusu kushtaki, sipendi kukukatisha tamaa wala kukupa matumaini ya bure. Bila kuona barua pepe, nakadiria kwamba barua nzuri ya wakili inayoomba mazungumzo ina nafasi ndogo lakini ya kweli. Kesi ya kuanzia sifuri, leo, kwa mlivyo, nisingeifungua. Usiandike mitandaoni kwamba kampuni fulani ni wezi. Hiyo inaweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa, na inafunga mlango wa mazungumzo kabla haujafunguliwa.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Sheria yetu ya ukomo wa muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya madhara ya kiraia. Kama barua pepe zilikwenda mwaka juzi, saa inatembea. Kwa hiyo muone wakili ana kwa ana mwezi huu, Mbeya au Iringa, na mwende wote wawili. Mwulizeni bila haya kama amewahi kuandika madai ya hataza au kushughulikia mkataba wa teknolojia; wakili wa mashamba anaweza kuwa bingwa wa mashamba na asifae hapa. Na kampuni ikiwahi kuwatumia karatasi yoyote ya kusaini, hata ikiambatana na hela ya kuwapongeza, msisaini kabla hajaisoma. Ndani ya karatasi za namna hiyo mara nyingi kuna mstari mmoja wa kuachia madai yote ya nyuma na ya mbele.

Mkienda, msibebe picha za kioo cha simu. Zile barua pepe mzipakue zenyewe, zikiwa na vichwa vyake vyote vya tarehe na anwani, mziweke mahali pawili, na mchapishe nakala. Bebeni karatasi zenye muhuri, na historia ya msimbo kama mlikuwa mnaihifadhi. Umesema "tukaiandikia" lakini hukusema ni kwa anwani ya nani. Kama ni ya mwenzako, au ile ya chuo ambayo hufungwa mtu akishahitimu, mpigie leo kabla ya jioni.